Kahawa ya Kusimama

Mama alinikabidhi kifurushi saa kumi na moja alfajiri, basi la kwenda Omurushaka likiwa limeshaanza kupiga honi huko juu barabarani. Ndani kulikuwa na akamwani, buni za kutafuna, amezifunga kwenye gome kavu la mgomba kama alivyokuwa akifunga bibi. Nikamwambia ninakokwenda kahawa si tatizo, Italia nzima inakunywa kahawa. "Hiyo ni yao," akasema. "Wakikukaribisha, wewe utawapa nini?" Nikakitia kwenye begi la mkononi, katikati ya pasipoti na sweta.

Kwa msomaji asiyetoka Kagera: sisi kahawa hatukuanza kwa kuinywa, tulianza kwa kuitafuna. Buni huchumwa kabla hazijaiva kabisa, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu, kisha zikaanikwa mpaka zikakauka na kuwa nyeusi. Mgeni akiingia nyumbani, iwe kwa Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa au kwa Wahaya wa Bukoba, huletewa kikapu kidogo kabla hajaulizwa kilichomleta. Anachukua mbili au tatu, anatafuna na ganda lake, mazungumzo yanaanza. Zamani, watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana mbegu za tunda moja la kahawa zilizopakwa damu zao. Tunda la kahawa lina mbegu mbili zilizolaliana tumbo kwa tumbo, na wazee hawakuhitaji mfano mwingine.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nyumbani kwetu ni Nkwenda, Kyerwa, ingawa ninaishi Kayanga kwa sababu ya kazi. Kilichonipeleka Italia ni semina ya wiki tatu katika mji wa Trieste, kwenye kituo cha kimataifa cha fizikia kinachojulikana kama ICTP, alichokianzisha Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964 ili wanafizikia wa nchi maskini wapate mahali pa kukutana na wenzao. Baada ya semina nilijiongezea wiki moja kwa akiba yangu, nione Roma na Napoli. Ya semina nimeyaandika kwenye ripoti. Haya ni mengine.

*

Asubuhi ya kwanza, Mtanzania mwenzangu ambaye alishawahi kufika Trieste aligonga mlango saa moja na kusema, "Twende baa." Nikamtazama. Nimelelewa katika nyumba ambayo mtu anayekwenda baa saa moja asubuhi huombewa kanisani. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe baa ya Mwitaliano ndipo anaponywea kahawa. Pombe ipo, imepangwa rafuni nyuma ya mhudumu, lakini asubuhi hakuna anayeitazama.

Tulikuta watu wamejipanga kaunta kama wanaosubiri kusaini mahudhurio. Dereva wa basi mwenye sare, mwanamke mwenye faili za mahakamani, mabibi wawili na kijimbwa chao. Hakuna aliyekaa. Kila mmoja alisema buongiorno alipoingia, akaitikiwa na waliomo, akapewa kikombe ambacho ungedhani ni cha mtoto kuchezea, akakoroga sukari, akakinywa kwa mafunda matatu, akaaga, akaondoka. Nilitazama saa: dereva alitumia dakika moja na nusu. Mtu wa Pwani, aliyezoea kahawa chungu ya barazani kwenye kikombe kidogo, kashata pembeni na bao mbele yake, ukubwa wa kikombe usingemshangaza hata kidogo. Haraka ile ndiyo ingemshangaza.

Ikafika zamu yangu. Neno pekee nililolijua lilikuwa kapuchino, nikalitamka kwa kujiamini. Nikaletewa kikombe kilekile cha kitoto, kina kahawa na povu kidogo la maziwa. Nikadhani wamenipunja kwa ugeni wangu. Mwenzangu akanieleza kwamba Trieste wana msamiati wao. Kahawa tupu, ambayo Italia yote ni caffè, wao huiita nero, yaani nyeusi. Yenye tone la maziwa ni capo. Ukitaka hiyo capo kwenye glasi, unasema capo in b. Na ile kapuchino kubwa ya picha za matangazo, pale ni caffelatte. Mwitaliano wa Roma akifika Trieste naye huletewa asichokitaka. Hilo lilinipa faraja.

Msamiati huo una sababu. Trieste ilitangazwa bandari huru mwaka 1719, ilipokuwa chini ya Austria, na tangu hapo magunia ya kahawa yamekuwa yakishuka hapo kuelekea Vienna na Ulaya ya kati. Italia iliupata mji huo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikaukuta na kahawa yake na mikahawa yake. Caffè Tommaseo ipo tangu 1830, Caffè San Marco tangu 1914. Kampuni ya illy ilizaliwa hapo mwaka 1933, mwanzilishi wake akiwa mtu wa asili ya Hungaria. Hata mwandishi James Joyce wa Ireland aliishi Trieste miaka mingi akifundisha Kiingereza. Nilipenda kulijua hilo, kwamba na mwalimu wa shule za lugha anaweza kuwekewa sanamu.

Kosa langu la pili lilikuwa la kukaa. Jioni moja nilichoka, nikavuta kiti kwenye meza za nje katika uwanja mmoja mzuri unaotazama bahari, nikaagiza nero ileile. Bili ilipokuja ilikuwa zaidi ya mara tatu ya niliyozoea. Sikuibiwa, bei zilikuwa zimebandikwa ukutani, safu mbili, ya kaunta na ya meza. Kwetu mtu hulipia alichokunywa. Kule unalipia pia kiti, mwanga wa jua linalozama na mhudumu aliyevuka uwanja na sinia. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kusimama.

Na kwenye kusimama ndiko nilikojifunza mashine. Mwalimu wa fizikia hawezi kuitazama akaacha kuhesabu. Kahawa iliyosagwa ni gramu 7 hivi. Maji ya moto, ambayo hayajafikia kuchemka, yanasukumwa ndani yake kwa shinikizo la baa tisa, sawa na la maji ukizama mita 90 hivi ziwani. Baada ya sekunde 25 kikombe kiko tayari, mililita 30 tu, juu yake povu zito la rangi ya asali wanaloliita crema. Angelo Moriondo wa Torino ndiye aliyepewa hataza ya mashine ya kahawa ya mvuke mwaka 1884. Shinikizo hili kubwa linaloleta crema lilikuja baadaye, na Achille Gaggia wa Milano. Siku ya nne mhudumu alikuwa ameshanizoea. Akaniuliza ninatoka wapi, nikamwambia Tanzania, kwenye kahawa. Akachangamka. "Arabika?" Nikamwambia kwetu ni robusta.

Sura yake ilibadilika kidogo, kama ya mama wa Kayanga unapomwambia kuku uliyemletea ni wa kisasa. Kwa adabu kabisa akanionyesha mfuko: arabika asilimia mia moja. Robusta, alisema, wanatia wa kusini.

Niseme kweli, iliniuma. Nimesomeshwa na robusta. Nimeamka usiku kuwahi kufunika maganda turubai mvua inapoanza, maganda yakiwa ndivyo tunavyoiita kahawa iliyokaushwa na ngozi yake kabla ya kukobolewa. Nakumbuka miaka ambayo baba aliuza butura, kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa mtu mwenye pesa taslimu, kwa sababu ada ya shule haingoji mavuno. Nakumbuka magunia yaliyovushwa usiku kupitia Murongo kwenda Uganda yalipokuwa yanapata bei nzuri zaidi huko. Yote hayo kwa kahawa ambayo mtu wa kaunta anaitaja kwa sauti ya chini. Sikumpa akamwani. Kifurushi kilibaki mfukoni.

Jumapili ya pili ilinituliza. Wenyeji walitupandisha milimani nyuma ya mji, kuelekea mpaka wa Slovenia, kutafuta kinachoitwa osmiza. Njia panda kumefungwa tawi bichi la mti na mshale mwekundu; unafuata matawi hadi unafika nyumba ya mkulima. Familia imetoa meza uani, inauza divai yake yenyewe, nyama ya nguruwe ya kukausha na mayai ya kuchemsha, kwa siku chache tu, kisha inafunga na zamu inahamia kwa jirani. Ruhusa hiyo ilitolewa na Kaizari Joseph wa Pili mwaka 1784, siku nane kwa mwaka, na jina lenyewe limetokana na neno la Kislovenia la nane. Mzee wa nyumba alikuwa akipita meza hadi meza akijaza glasi na kulalamikia mvua. Nilimwona baba kabisa. Kwetu lubisi ikiwa tayari, ndizi zimekamuliwa mtumbwini na mtama umeshafanya kazi yake, hatufungi tawi; harufu inatosha. Lakini watu ni walewale, na malalamiko ya mvua ni yaleyale. Tulipoletewa pia sahani ya kitu cha njano kilichosongwa kwa unga wa mahindi, Mkenya mmoja alisimama na kutangaza, "Ndugu zangu, ugali!" Wao huita polenta. Ulikuwa mlaini mno, ila tuliumaliza.

*

Roma kila mtu ameiona kwenye picha, sitairudia. Nilikuwa na jambo moja. Nilivuka mto kwenda mtaa wa Trastevere kutafuta kanisa la San Francesco a Ripa.

Kardinali, popote alipo duniani, kwa kawaida hupewa kwa jina kanisa moja la Roma. Tarehe 28 Machi 1960, Papa Yohane wa 23 alimfanya Laurian Rugambwa, mtoto wa Kagera, kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru. Kanisa alilopewa ni hilo. Nililikuta kimya, limejaa ubaridi wa mawe. Watalii wanne waliingia wakaenda moja kwa moja kwenye sanamu ya Bernini, mwanamke wa marumaru anayekata roho, wakapiga picha, wakatoka. Nikamuuliza mzee aliyekuwa akipanga mishumaa kama anamfahamu Kardinali Rugambwa. Alifikiri kwa dhati, akasema makardinali ni wengi. Nikawasha mshumaa. Pale nilipopiga magoti nilifikiria safari yake ya kwanza, kijana wa Bukoba anayekuja kusomea sheria ya Kanisa Roma mwishoni mwa miaka ya 1940, na nikajiuliza ni nani aliyemfundisha kwamba kahawa hunywewa kwa kusimama.

Mchana nilikula katika mgahawa mdogo nyuma ya kanisa. Bwana mmoja mwenye tai, saa ya bei, nywele zimelazwa, alimaliza sahani yake, akachukua kipande cha mkate, akaipangusa rojo yote mpaka sahani ikang'aa. Wana jina lake, scarpetta, kiatu kidogo. Nami nikapangusa. Nilikuwa nimejizuia siku ishirini na mbili.

*

Kwenda Napoli nilichagua treni ya taratibu, ile inayosimama kila kituo, kwa kuwa ni nafuu. Mbele yangu aliketi mama wa makamo ya kuitwa bibi, mkoba mapajani. Treni ilipoiacha Roma alifungua mkoba, akatoa kifurushi cha karatasi, ndani kuna makaroni yaliyokaangwa na mayai mpaka yakawa kama mkate mzito. Kabla hajala alininyooshea, akasema neno moja: "Favorite."

Sikulijua neno, lakini nililitambua palepale. Ndilo "karibu" la kwenye basi. Mtu akifungua chakula chake kati ya Biharamulo na Nyakahura hawezi kukipeleka mdomoni kabla hajamkaribisha wa kiti cha jirani, na wa kiti cha jirani anajua jibu lake ni "asante, endelea." Nikamjibu kwa Kiitaliano changu cha wiki nne: asante, hamu njema. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu aliyesikia jibu sahihi kutoka dawati la nyuma. Halafu akakaribisha mara ya pili, na mara ya pili ikaja na kipande kimeshakatwa. Hapo hata kwetu hukatai.

Nilikula. Kisha nikakumbuka nilicho nacho.

Nilifungua gome la mgomba. Alilinusa kwanza gome lenyewe, akaligusa kwa kidole. Nikamwonyesha: unaweka kinywani, unatafuna polepole, ganda ulitafune pia, usimeze. Nikamwambia ni kahawa. Akaniangalia kama anayetaniwa. Akatafuna. Uso ulijikunja, ukakunjuka, jicho moja likafumba. "Dawa?" akauliza. Nikasema hapana, ni ya mgeni. Hilo alilielewa zaidi ya nilivyotarajia. Akachukua nyingine mbili, akazifunga kwenye leso yake kwa ajili ya dada yake wa Napoli, ambaye, kwa nilivyoelewa, hamwamini mtu yeyote mpaka aone kwa macho.

Ndipo alipoingia mkaguzi. Tiketi yangu ya karatasi ilikuwa halali, ila sikuipitisha kwenye kile kimashine cha ukutani kituoni kinachogonga tarehe na saa. Nilikuwa nimekipita nikidhani ni cha kuuza pipi. Yule mama alinitetea kwa dakika tano nzima kwa mikono miwili, akinitaja, akiitaja Afrika, akimwonyesha mkaguzi hadi gome la mgomba. Mkaguzi alisikiliza kwa heshima yote. Nikalipa faini.

*

Napoli ilinipokea kwa kelele, na kelele hizo zilikuwa za kwetu. Nguo zimeanikwa kutoka dirisha hadi dirisha juu ya vichochoro, pikipiki zinapita pasipopitika, muuza samaki anabishana na mteja ambaye ni wazi watakutana tena kesho. Kutoka ghorofa ya tatu mama mmoja aliteremsha kikapu kwa kamba, kijana wa duka akatia mkate na chenji, kikapu kikapanda. Nilisimama kukitazama kama mtoto.

Baa niliyoichagua haikuwa na sifa yoyote. Napoli wanakupa kwanza glasi ya maji, usafishe ulimi. Ukinywa maji baada ya kahawa, mwenye baa ataona unaifuta ladha yake. Kikombe kinatoka kwenye maji ya moto na kinaunguza mdomo. Kahawa yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, fupi kuliko ya Trieste, povu lake limesimama hata sukari ilikaa juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzama. Nilipoonja nilisimama wima. Ukali ule naujua. Nimeutafuna tangu nikiwa na meno ya maziwa.

Nikamuuliza mhudumu kwa tahadhari: humu kuna robusta? Alinijibu kwa sauti ya baa nzima. Kuna robusta, ndiyo! Bila robusta crema utaitoa wapi, na nguvu utaitoa wapi? Wa kaskazini wanakunywa maua. Nikamwambia inakotoka robusta ndiko ninakotoka, kwamba baba yangu anayo mibuni. Sitadai kahawa ile ilitoka Kyerwa. Kwenye mfuko huchanganywa za nchi nyingi. Lakini Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Tanzania, na sehemu kubwa ya robusta ya Tanzania ni ya Kagera. Mhudumu aliwatangazia wateja. Mzee mmoja mwenye kofia akanipa mkono.

Nilipotaka kulipa, nikaambiwa imeshalipwa. Nikadhani ni yule mzee, kumbe hapana, alikuwa ameondoka bila kulipia zaidi ya yake. Ilikuwa caffè sospeso, kahawa iliyoning'inizwa. Mtu mwenye furaha au mwenye bahati ya siku hulipia mbili na kunywa moja. Nyingine hubaki kwenye hesabu ya baa ikimsubiri asiye na pesa, na hao wawili hawaonani kamwe. Nilijitetea kwamba mimi si maskini. Mhudumu akainua mabega: wewe ni mgeni, ni kitu kilekile.

Nililipia mbili na sikunywa. Akamwani zilizobaki nilimwachia kwenye kisahani cha kaunta.

*

Nyumbani, Nkwenda, baba alitaka hesabu. Si ya safari, ya kikombe. Tulikaa uani na kalamu. Kilo mbili za maganda hutoa kilo moja hivi ya kahawa safi. Ikikaangwa inapungua, tuseme zibaki gramu 800. Kwa gramu 7 kila kikombe, ni vikombe zaidi ya 110. Kwa hiyo kilo moja ya maganda aliyoipeleka chama cha msingi inatoa vikombe kama 55. Kimoja nilikinunua kwa euro moja na senti 20, na euro ilikuwa karibu shilingi elfu tatu. Baba akazidisha mwenyewe, akapata karibu laki mbili. Akaitazama namba. Nikamweleza kodi ya pango, umeme, mishahara, ile mashine inayouzwa bei ya gari.

"Na sukari?" akauliza.

"Sukari ni bure, unajitilia mwenyewe."

"Basi angalau hapo ni waungwana."

Mama yeye aliuliza kama walizipokea akamwani. Nikamsimulia bibi wa kwenye treni. Alitaka kujua aliketi na nani, alivaa nini, na kama kweli alitafuna na ganda.

Jambo moja linanikera tangu nirudi, nalo nitalisema. Shuka Omurushaka, mji uliozungukwa na mibuni pande zote, ingia hoteli yoyote ya pale stendi, omba kahawa. Utaletewa chai. Ukisisitiza, utaletewa maji moto na kijiko cha unga wa kopo. Unga wenyewe sina ugomvi nao, kiwanda cha Bukoba kinautengeneza vizuri. Ila buni zimeanikwa hatua thelathini kutoka kwenye hiyo meza, na kinu cha mkono si ghali.

Mimi nilirudi na moka, lile birika dogo la alumini la pembe nane alilolibuni Bialetti mwaka 1933, ambalo kila jiko la Italia linalo. Buni nakaanga mwenyewe kwenye sufuria mkaani, natwanga kwenye kinu. Crema haitoki, moka haina shinikizo la kutosha. Ukipita Kayanga piga hodi. Birika ni la vikombe vitatu, kwa hiyo usije na msafara.